Mwalimu na mkutubi: nani mwenye kitabu?

Watu wa pwani wa zamani walipotamka neno "chuo" hawakukusudia nyumba ya kusomea peke yake. Chuo kilikuwa ni kitabu. Utenzi wa vita vya Tabuki, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate na ambao mswada wake mashuhuri una tarehe ya mwaka 1141 Hijria, yaani 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, maana yake kitabu cha Herekali, mfalme wa Warumi. Neno hilo hilo likawa jina la mahali mtoto anapopelekwa na ubao wake kusoma Kurani, na aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Leo twasema "chuo kikuu", na fikira zetu zaenda kwenye majumba ya ghorofa, majoho na mahafali. Lakini ukilirudisha neno kwenye maana yake ya kale, chuo kikuu ni kitabu kikuu.

Ikiwa ni hivyo, basi ni haki kuuliza: kitabu hicho kikuu mwenyewe ni nani? Ni mhadhiri anayekifafanua mbele ya wanafunzi, au ni mkutubi anayekiandikisha, anayekitunza na kukitoa kinapohitajiwa? Swali hili nimekaa nalo miezi miwili hapa Embulbul, mahali ambapo msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda asitarajie kusikia habari za vitabu vyetu.

MAJIRANI WA EMBULBUL

Embulbul, ambayo makondakta wa matatu huiita Bulbul, imo katika kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Nairobi na kupitia Karen kwenda mji wa Ngong. Asubuhi baridi yake humkumbusha mtu wa pwani kwamba amefika ugenini. Hata hivyo pana msikiti, adhana yasikika, na Waislamu wa hapa humkaribisha mgeni kwa uso mkunjufu. Katika kaunti hii hii ya Kajiado ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Umma, kilichochipuka kutoka chuo cha sharia na taaluma za Kiislamu kilichokuwa Thika. Kwa hiyo elimu yetu si mgeni kabisa katika nchi hii ya Wamasai.

Mimi nilikuja kwa matibabu ya macho, nikafikia kwa mpwa wangu. Yeye ni mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili katika kimojawapo cha vyuo vikuu vya Nairobi. Jirani yake, ua kwa ua, ni mama wa makamo, mkutubi katika chuo hicho hicho. Kila siku ya kazi, alfajiri, wote wawili hupanda matatu ya nambari 111, na jioni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Miaka minne walikuwa wakisalimiana kama majirani, wakiulizana hali za watoto na bei ya maji, bila ya yeyote kufahamu kazi zao zinakutana wapi.

Nilishangaa. Nikamwuliza yule mama imekuwaje mhadhiri na mkutubi wa chuo kimoja wasijuane ila kwa sababu ya ukuta wa ua.

"Mzee wangu," akanijibu, "mhadhiri huja maktaba akiwa na shida, na mkutubi huitwa mkutanoni pesa zikiwa zimekwisha."

Mpwa wangu alicheka, lakini hakubisha. Akanieleza mambo yalivyo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala na vitabu anavyochapisha. Ana madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wa uzamili wanaomgojea mlangoni. Orodha ya vitabu vya kozi yake huandikwa usiku wa kuamkia muhula mpya, kisha hutupwa mezani kwa mkutubi kana kwamba vitabu huota rafuni kama uyoga. Mkutubi naye hununua kwa kukisia, kwa sababu hakuulizwa wala hakuambiwa. Mwisho wake maktaba ina vitabu visivyosomwa, na wanafunzi wana orodha ya vitabu visivyokuwapo.

Kazi ya mkutubi ina msiba wake wa pekee: ikifanywa vizuri haionekani. Mwanafunzi akikipata kitabu, humshukuru mwandishi. Akikikosa, humlaumu mkutubi. Ni watu wachache wanaojua, mathalan, kwamba tangu mwaka 2003 maktaba za Kenya zina muungano wao, KLISC, ambao kwa kuchangisha fedha pamoja huziwezesha kulipia majarida ya kitaalamu ya kwenye intaneti, majarida ambayo chuo kimoja peke yake kisingeyamudu. Mhadhiri akikaa Embulbul usiku na kufungua makala iliyochapishwa ng'ambo, hufikiri ameipata bure. Kumbe yuko mtu aliyejadiliana bei, akatia saini, na akaingiza jina la chuo katika mtambo.

MASANDUKU YA PWANI

Haya yangekuwa mambo ya wenye vyuo vikuu peke yao, nisingekuchosha nayo, msomaji. Lakini yanatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya urithi wetu wa maandishi imesalimika kwa sababu, mahali fulani, mwanachuoni na mtunza vitabu walishikana mikono.

Mfano mzuri ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki katika vifua vya watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor aliyekuwa akichunguza lugha yetu. Makaratasi hayo yalivuka bahari, yakaishia katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika huko London. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa mashairi katika diwani iliyochapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 mwana wa Mombasa, Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, na wengi katika sisi ndipo tulipomsoma mshairi wetu kwa nafasi.

Tazama safari hiyo. Kutoka kifua hadi karatasi, na kutoka karatasi hadi rafu, miaka mia moja na zaidi. Tunalijua jina la mshairi, la mwalimu aliyeandika, la mmisionari na la maprofesa. Lakini wale waliolipa bunda lile nambari, wakalikinga na unyevu, wakaandika katika orodha kwamba humu mna mashairi ya Mombasa, hao majina yao hatuyataji. Lau wangeliweka bunda mahali pasipo pake, Muyaka angepotea London baada ya kuokolewa Mombasa.

Hali ni hiyo hiyo kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye mkono wake mzuri uliandika miswada mingi kwa ajili ya wataalamu wa Kiingereza na wa Kijerumani. Kazi zake zimetawanyika katika maktaba za Ulaya. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima juu yake, kwa kutumia makaratasi ya Ernst Dammann na makusanyo mengine. Kitabu kama hicho hakiandikwi na mtu aliyekaa chumbani mwake. Ni lazima maktaba kadhaa zifunguke na orodha zao zisomeke.

Na huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1970 kilitoka kitabu cha J. W. T. Allen, orodha ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Allen alikuwa mtaalamu wa tenzi na pia mkusanyaji. Alipita pwani akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Orodha yake haina hadithi wala nahau za kusisimua, ni nambari na majina tu. Lakini mtafiti wa utenzi ambaye hajaifungua ni kama nahodha aliyetweka tanga bila ya kuuliza upepo.

BIBI, PEMBE NA PIMBI

Huenda msomaji akasema: haya, mkutubi na aandike nambari, na mwanachuoni asome. Kila mtu na kazi yake, ya nini kushikana mikono? Jibu liko katika hati zenyewe.

Aliyesoma chuoni anajua kwamba alifu-be-te ya Kiarabu haina herufi ya "p" yetu. Makatibu wengi wa zamani waliandika be kwa "b" na kwa "p" pia. Kasra moja ilitumika kwa "i" na kwa "e". Na ile sauti ya "m" inayotangulia "b" aghalabu iliachwa, msomaji akatarajiwa aifahamu mwenyewe. Sasa andika be mbili, kila moja na kasra yake. Umeandika nini? Yaweza kuwa bibi, yaweza kuwa pembe, na yaweza kuwa pimbi. Mwenye lugha huangalia vina, mizani na maana ya ubeti, akajua. Lakini mwandikishaji aliyekaa mbali, ambaye Kiswahili amekisoma kwa kamusi, aweza kumwandikisha bibi wa watu kuwa ni pembe, na tangu siku hiyo hakuna atakayempata.

Ndiyo maana maktaba ya SOAS, ilipotaka kuiorodhesha upya miswada yake ya Kiswahili mwanzoni mwa karne hii, ilimhitaji Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1924, pamoja na Profesa Farouk Topan. Sheikh Yahya, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2008. Elimu yake aliianzia katika madarasa ya pwani, na ndiyo iliyowawezesha wageni kujua kilichomo katika makabati yao wenyewe.

Niliona mfano wa hayo hapa Embulbul kwa macho haya yanayotibiwa. Mpwa wangu alikuwa na picha za mswada wa utenzi, alizoletewa kwa simu kutoka nyumba moja ya Lamu. Kurasa za mwanzo hazikuwapo. Bila ya mwanzo hakuna bismillahi ya mtungaji, wala jina la utenzi. Alihangaika nao mwaka mzima akiutafuta kwa maneno ya beti, asipate kitu.

Jioni moja alimweleza jirani yake ng'ambo ya ukuta. Yule mama, ambaye hasomi hati za Kiarabu hata herufi moja, akamwuliza swali moja tu: "Mwalimu, aliyenakili ni nani?" Mpwa wangu akafungua ukurasa wa mwisho, na kama ilivyo desturi ya makatibu wetu, pale palikuwa na jina na tarehe. Mkutubi akasema orodha nzuri huwa na faharasa ya wanakili mbali na ya watungaji, na kwamba utenzi usiojulikana jina hauwezi kutafutwa kwa jina. Akaketi na orodha za maktaba tatu za ng'ambo. Siku ya pili akampata katibu yule yule, katika kazi iliyoandikwa kuwa ni shairi la dini lisilo na jina.

Akamwandikia mkutubi mwenzake wa huko, na baada ya wiki tatu picha zikaja. Mpwa wangu alipozisoma aliruka kitini. Utenzi ni ule ule, na mwanzo wake umo, beti kumi na tisa zilizokosekana. Zaidi ya hayo, akagundua kwamba jina la mtungaji lilikuwamo katika ubeti wa karibu na mwisho, ila mwandikishaji alilisoma kuwa ni neno la kawaida. Kosa hilo jirani yake akaliandikia barua, na ile maktaba ikasahihisha orodha yake. Kwa hiyo mkutubi alimpa mhadhiri mwanzo wa utenzi, na mhadhiri akampa mkutubi jina la mtungaji. Hakuna kati yao aliyeweza kufika peke yake.

AMANA

Ilibaki kazi ngumu kuliko hiyo. Mwenye mswada ni bibi mkongwe wa Lamu, aliyerithi sanduku kwa babake. Picha zile chache alizitoa kwa shingo upande, na sanduku lenyewe alikataa lisiguswe. Ana sababu. Miaka mingi iliyopita alifika kwao mgeni mwenye maneno matamu, akaazima kitabu cha babake kwa muda wa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Na Lamu na Mombasa ni nyumba ngapi zenye kisa kama hiki? Ndiyo sababu masanduku yamefungwa, na ndani yake mchwa na chumvi ya bahari wanasoma wanavyopenda.

Mpwa wangu alitaka kwenda kumbembeleza. Jirani yake akamzuia. "Maneno matamu ameshayasikia," akasema. "Mpelekee karatasi."

Akaiandika yeye mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Kwanza, asili ya mswada haitoki nyumbani. Pili, picha zitapigwa pale pale mbele ya wenyewe. Tatu, nakala moja kamili itakuwa ya ukoo, na moja ya maktaba ya chuo. Nne, katika orodha litaandikwa jina la nyumba iliyoutunza mswada, maadamu wenyewe wameridhia. Tano, kama picha zitawekwa katika intaneti au la, ni hiari ya ukoo, na hiari hiyo wanaweza kuigeuza.

Mpwa wangu akamsomea bibi kwa simu, sharti baada ya sharti. Tulikuwa tumekaa barazani, mimi na yule mama, tukisikiliza. Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, waliotangulia wote waliniambia wanachotaka kuchukua. Huyu wa kwanza ameandika atakachonirejeshea." Akaruhusu.

Njia hii haikuzuliwa Embulbul. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, kazi iliyoongozwa na mwanahistoria Anne Bang wa Norwei pamoja na wenyeji wa msikiti. Vitabu vilibaki Lamu, picha zikaenda duniani. Hiyo ndiyo sura ya ushirikiano wa haki: mwanachuoni ajuaye kilichomo, mtunza vitabu ajuaye namna ya kukihifadhi, na mwenye mali ambaye hakunyang'anywa.

Na tukitaka mfano wa kale zaidi, tunao katika historia ya Uislamu wenyewe. Mwanafalsafa Ibn Miskawayh alikuwa mtunza maktaba wa waziri Ibn al-Amid katika mji wa Rayy. Mwaka 355 Hijria, yaani 966, watu wa vita kutoka Khurasani waliupora mji, na nyumba ya waziri ikabaki haina hata cha kukalia. Waziri hakuuliza dhahabu wala mavazi. Aliuliza vitabu, vilivyokuwa zaidi ya mizigo mia ya ngamia. Miskawayh alipomwambia kwamba vipo salama na havikuguswa, uso wake ulinawiri, kwa kuwa mali nyingine yote yaweza kupatikana tena, ila hiyo. Msimulizi wa kisa hiki ni mtunza maktaba mwenyewe. Alikuwa mwanachuoni na mkutubi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona kwamba kazi ya pili inamshushia hadhi ya kwanza.

JINA KATIKA KITABU

Makala ya mpwa wangu juu ya utenzi ule sasa imekamilika. Hapo awali alikusudia kumshukuru jirani yake kwa mstari mmoja, kama ada ilivyo. Nikamwuliza kama mstari mmoja unatosha kwa beti kumi na tisa.

Mama mwenyewe akapinga. "Sitaki sifa nisiyostahiki, mzee wangu. Shairi sikulisoma mimi."

"Na mimi ningesoma nini, dada yangu, kama halikuonekana?" akajibu mpwa wangu.

Wakakubaliana kwamba majina yote mawili yawe juu ya makala, na ndani yake yaelezwe waziwazi nani alifanya nini, na nyumba ya Lamu itajwe kuwa ndiyo iliyotunza mswada. Sijui wenye kupandisha watu vyeo wataihesabuje makala hiyo. Najua tu kwamba imesema kweli.

Kwa wahadhiri wetu nasema hivi: orodha ya kozi mpelekee mkutubi kabla ya muhula, umkaribishe darasani siku ya kwanza awafundishe wanafunzi kutafuta, na utafiti wako uanze mezani kwake, usimalizikie hapo. Kwa wakutubi: tokeni nyuma ya kaunta, mwulizeni mhadhiri anasaka nini, kwa kuwa yeye haoni haya ya kutojua ila haoni pia anachokikosa. Na wenye vyuo wakumbuke kwamba chuo kikuu chenye bajeti ya kila kitu isipokuwa maktaba kimejiita kwa jina la kitabu bila ya kuwa nacho.

Na wewe uliye Siyu, Pate, Malindi, Vanga, Pemba au Unguja, ambaye kuna sanduku chini ya kitanda cha marehemu babu: usilifungue kwa kila mwenye maneno matamu, wala usilifunge mpaka mchwa walimalize. Akija mwanachuoni, mwulize mkutubi wake yuko wapi. Akija mkutubi, mwulize nani atakayezisoma hati. Wakija wote wawili, na mkononi wana karatasi inayoeleza watakachokurejeshea, wakaribishe ndani, uwapikie na kahawa.